Herufi Isiyosemwa

Kila Jumanne, saa moja jioni, juu ya uwanja wa barafu,
tunakunjua viti vya chuma katika ukumbi wa klabu.
Chini yetu wazee wa Winnipeg wanasukumiana mawe,
ngurumo inapanda sakafuni, vikombe vinatetemeka,
na Lorraine, aliyepeleka barua za watu miaka thelathini na mmoja
mpaka miguu ikamgomea,
anafuta ubao kwa kiwiko cha sweta.

Hatulipi kitu. Tunaleta biskuti, au hatuleti.

Leo ameandika maneno manne, wima, kama vipandio vya ngazi:
kisu, goti, kubisha hodi, kujua.
Kwa Kiingereza yote yanaanza na K,
na hiyo K, anasema, haitamkwi.

Bohdan, mchomelea vyuma, analaza kalamu.
"Sasa inafanya nini hapo?"
Lorraine anatazama dirishani. Nje ni nyuzi thelathini chini ya sifuri.
"Inakaa tu. Zamani ilisemwa."

Mimi nafagia maofisi usiku. Namjua mtu wa aina hiyo:
jina lake limo kwenye orodha, funguo anazo,
zulia linatambua hatua zake,
na asubuhi wenye viti wakiingia
haulizi hata mmoja ni nani aliyepita.
Nikacheka. Paw Htoo akaniuliza kwa macho kuna nini;
sikuwa na Kiingereza cha kumjibu.

Dhan Maya hakucheka.
Ana miaka hamsini na minane. Penseli kaishika Septemba,
kwa mara ya kwanza, na mpaka leo anaibana
kama sindano inayoweza kumgeukia.
Aliandika goti, akaligusa lake chini ya meza,
la kushoto, linalouma.
Aliandika kisu.
Kisha akanyoosha mkono:
nyumbani kwake hakuna joto. Siku ya nne.

Somo likaishia hapo.
Bohdan akawa meneja wa jengo, miguu juu ya meza,
kifutio cha ubao sikioni:
"Samahani? Sikusikia. Rudia."
Alivyoipatia sauti ile, tukajua
naye amewahi kuambiwa hivyo.
Dhan Maya akarudia. Mara sita. Mara tisa.
Mawe yakagongana chini, mtu akashangilia
jambo lake mwenyewe.

Yaliyofuata alitusimulia Jumanne nyingine,
kwa vipande, kwa viganja,
na penye ugumu, kwa Kinepali, asichokijua yeyote kati yetu.
Alipiga simu. Akaitoa sentensi nzima, bila kudondosha kitu.
Kimya. Halafu ile samahani.
Akarudia. Wakamwuliza anwani,
na anwani hatukuifanyia mazoezi.
Akakata.

Akakaa jikoni na koti lake, na la mjukuu juu yake.
Kwenye kapu la taka akaopoa bahasha ya bili,
akaikunjua, akailaza kwenye goti,
akapiga tena, akazisoma tarakimu
moja moja, kama mtu anayehesabu mayai.

Ijumaa mtu akaja na sanduku la vifaa.
"Akafanya hivi," alisema Dhan Maya,
akagonga meza ya Lorraine kwa kifundo cha kidole,
mara tatu, kavu.
"Ile K. Mlangoni inasikika."

Lorraine akageukia ubao, akakaa vile muda kidogo.

Yule fundi, akiwa kizingitini, chai yake kaimaliza,
alisema kitu kirefu kwa haraka, akaenda zake.
Dhan Maya alikishika kwa sauti tu, siku nne, akatuletea.
Akakisema. Tukamwomba akiseme tena.
Lorraine akafumba macho, akajaribu kukipanga hivi na hivi.
Yawezekana ni shukrani. Yawezekana ni habari za bomba.
Bohdan anasema ni utani, na ulikuwa mbaya.

Tulipokunja viti tulifuta goti, tukafuta kisu.
Neno la nne tumeliacha.